Viko Saba Nilivyopeleka Busiu

Mnaocheka kabla sijaanza, chekeni tu, maana rafiki yangu Barasa ameshaisimulia habari hii kuanzia Malaba mpaka Mbarara, na kila anaposimama kunywa chai anaongeza chumvi, sasa imefika mahali ambapo eti nilikimbia na kanzu nimeipandisha mpaka kiunoni (uongo, niliipandisha mpaka magotini tu, na sikukimbia, nilitembea haraka). Kwa hiyo afadhali niiseme mwenyewe. Ndiyo, ni kweli: mimi Wekesa, mtu mzima wa miaka arobaini na miwili, nilikwenda Busiu siku ya kutambulishwa ukweni, mbele ya hema mbili zilizojaa watu, nikawavutisha wazee saba mwiko wa ukoo wao. Tena walivuta wakafurahi, na mimi nimekaa pale natabasamu kama mtu anayepigwa picha. Nikilikumbuka lile tabasamu, masikio yananiwaka mpaka leo.

Miaka kumi na saba nimeendesha lori, Mombasa mpaka Kigali, hadi mgongo ukagoma, nikateremka hapa Bugembe kando ya barabara ya Iganga, nikapanga vyumba viwili kwa Hajati mmoja mpole, nikawa nafanya hiki na kile. Halafu nikampenda Kagoya, anayeuza vitenge sokoni Jinja, na yeye (sijui aliona nini) akanipenda. Kikwazo kilikuwa baba yake. Mzee Tenywa ni Msoga aliyehamia Busiu zamani akalima mahindi na migomba, na ujanani alikuwa mpishi wa kambi ya jeshi, kwa hiyo Kiswahili chake ni cha kambini, kila sentensi ni amri. Mkewe hakipendi Kiswahili hata chembe, akikisikia mgongo wake unasimama wima, kinamkumbusha askari wa miaka asiyotaka kukumbushwa, na mimi Lusoga changu ni cha kusalimia na kuomba maji, basi mjue nilivyoingia pale mara ya kwanza.

Mzee alinitazama kuanzia viatu.

"Wewe iko dereva?"

"Nilikuwa, Mzee. Nimeacha."

"Dereva hapana acha. Dereva napumzika. Leo iko hapa, kesho iko Kigali, mutoto yangu nabaki naangalia balabala." Akavuta kiko chake, kiko kizee kilichopasuka na kufungwa kwa waya wa baiskeli, moshi ukamtokea kwenye ufa. "Mimi nataka kuona mukono yako. Mukono natengeneza nini, kama matako iko chini?"

Kagoya akajifanya anaangalia migomba. Mimi nikajibu, "Utaona, Mzee," kwa sauti ya mtu anayejua atakachoonyesha, na sikujua.

Njiani kurudi, ule waya wa baiskeli ulinikaa kichwani. Nikamwambia Kagoya, nitamtengenezea baba yako kiko. Akasema, "Wewe? Hata sigara huvuti." Nikamwambia kinyozi si lazima awe na nywele. Wiki ile ile nikafungua karakana kwenye veranda ya nyuma (nasema karakana, lakini ilikuwa meza ya mbao za bodi ya lori, jiliwa la kubania lenye taya iliyolegea, tupa tatu, keekee ya kutobolea niliyoazima, na mota ya mashine ya kufulia iliyokufa ambayo niliifunga ubaoni ili izungushe mti wakati mimi nauchonga). Mwalimu wangu alikuwa mzungu mmoja mwenye ndevu kwenye simu, mtu asiye na haraka na lolote duniani, anachonga kidogo, anapuliza vumbi, anakunywa kahawa, anachonga tena. Kutoka kwake nilijifunza kwamba kiko kina matundu mawili, kubwa la kuwekea tumbaku na jembamba la kupitishia moshi, na lazima yakutane chini kabisa, na yangu kwa wiki nzima yalikuwa yanapishana, moja linatokea ubavuni na jingine linatokea kitakoni, nikawa na gunia la filimbi.

Na mota ile ikiwaka, taa za nyumba nzima zinafifia. Hajati akaja amejitanda shuka.

"Baba, unatengeneza nini kinachokula umeme wa watu sita?"

"Viko, Hajati."

"Viko vya tumbaku? Astaghafirullahi," akasema, lakini akavuta stuli akakaa kuangalia, na tangu hapo kila mchana alikuwa anakuja kuninung'unikia na kuniletea chai.

Mti wenyewe niliupata Mbale, kwenye miteremko ya mlima, kwa mkulima mmoja aliyekuwa anang'oa mikahawa iliyozeeka. Visiki vile vina mizizi migumu kama mfupa, yenye rangi ya kupendeza, na alinipa gunia zima akinishukuru kwa kumwondolea uchafu. Tatizo ni kwamba ilikuwa mibichi. Mzungu wa simu alisema ikaushwe polepole, mwaka mmoja, ikiwezekana miwili. Na shangazi yake Kagoya alikuwa ameshapanga siku ya utambulisho, na ilikuwa imebaki wiki tano.

Sasa kabla sijaendelea lazima niwaambie kitu, na mnihurumie. Ukoo wa kina Kagoya, kama koo nyingi za huku, una muziro wake, yaani mnyama wasiyemla wala kumgusa, na muziro wao ni kamongo, yule samaki mrefu wa matopeni. Na nililijua hilo! Mwezi wa kwanza wa mapenzi yetu niliagiza kamongo hotelini, na mwenzangu akahamia meza nyingine akanipa mgongo mpaka nikamaliza. "Huyo ni ndugu yetu," akaniambia baadaye, bila kucheka. Nikaapa kwamba kamongo hataingia tena mdomoni mwangu, na sikumla tena, nikajiona mimi ndiye mkwe bora kuliko wote Uganda.

Basi nikabeba gunia langu nikaenda Masese ziwani, kwa Mama Sofi, anayebanika samaki. Ana tanuri la matofali lenye waya mbili za kupangia samaki, ya juu na ya chini, na moto wake hauzimiki. Nikamweleza shida yangu.

"Weka juu ya paa la tanuri, kule," akasema. "Joto ni kidogo lakini hakuna kitu kinadondoka."

Nikapeleka mkono kule juu, vuguvugu. Nikaupeleka waya ya chini, joto la maana kabisa. Nikapiga hesabu za dereva, kwamba huku nafika kesho na kule nafika wiki ijayo, nikapanga mizizi yangu yote waya ya chini. Uamuzi wenyewe ulikuwa huo tu, juu au chini.

"Shauri yako," akasema Mama Sofi. "Lakini huku juu yake napanga kamongo. Kuna tajiri anawataka wengi mwezi huu."

Na mimi nikamjibu, na jibu hili watoto wangu wakipatikana wataliandika kwenye kaburi langu: "Mama, mti hauli samaki."

Kumbe hauli, lakini unakunywa.

Wiki tatu baadaye nilikwenda kuichukua, imekauka sawasawa, tena ina mng'ao. Nilipoichonga na kuipiga msasa ikazidi kung'aa bila hata kupakwa nta, hudhurungi iliyoiva, mpaka nikampigia Barasa simu kumwambia kwamba mkahawa wa Mbale una mafuta yake ya asili ambayo wazungu hawajayajua. Harufu? Jamani, miaka kumi na saba ya moshi wa dizeli, pua hii niliyonayo ni pambo. Hajati alikuja siku moja akasimama mlangoni akasema, "Mbona kama kuna samaki humu?" nikamjibu ni nguo zangu, nimetoka Masese juzi. Kwa Kagoya sikusema nimekausha wapi, nilisema tu kwa rafiki, maana nilitaka kumshangaza. Nilimshangaza.

Na kiko kimoja kingetosha! Kiko kimoja kingenipa aibu ndogo, ya mtu mmoja, ya kusuluhishwa chumbani. Lakini nilipokiona kile cha kwanza, na mdomo wake wa pembe ya ng'ombe niliousugua mpaka ukawa kama kioo, kiburi kikanipanda. Barasa naye, aliyekuwa amekubali kuwa msemaji wangu, akanichochea: "Mzee ana ndugu zake. Utampa yeye peke yake wengine wameze mate?" Basi nikatengeneza saba, kimoja kwa kila mzee wa ukoo atakayekaa mbele.

Siku ikafika. Mnajua desturi: bwana harusi anakaa katikati ya watu wake wote wamevaa kanzu, shangazi wa binti anakuja kumchagua, na tangu hapo kazi yake ni moja tu, kunyamaza. Kuongea ni kwa msemaji. Barasa alinionya mara tatu: "Wekesa, wewe leo ni picha ukutani." Nikamwambia nimeelewa.

Zawadi zikaingia, za mama, za shangazi, sukari, kanga, mbuzi, kisha Barasa akasimama na sinia iliyofunikwa kitambaa akasema kwa sauti yake ya stendi, "Wazee wetu, tulisikia mkiuliza kama dereva ana mikono. Mikono yake hii hapa!" Akafunua. Watu wakapiga vigelegele. Viko saba vinang'aa vimepangwa kama askari, na mimi moyo unanidunda kwa raha.

Mzee Tenywa akachukua kimoja, akakigeuza, akachungulia tundu, akapuliza. Akaamuru, "Washa." Wazee wote saba wakajaza tumbaku yao, viberiti vikapigwa.

Mzee akavuta akafumba macho. Akavuta tena.

"Hii," akasema. "Hii iko tamu."

"Iko na kitu ndani," akasema ndugu yake aliyekaa kulia. "Iko kama supu."

Watu wakacheka, wazee wakazidi kuvuta, mmoja akaomba aongezewe tumbaku wakati hata ya kwanza haijaisha. Nani angewaambia? Hakuna hata mmoja pale mbele aliyewahi kumwonja kamongo tangu azaliwe, wala baba yake, wala babu yake. Na ule mti ulivyozidi kupata moto ndivyo ulivyozidi kutoa ulichokunywa Masese. Nilimwona mama mkwe ananitazama, yule mama asiyetaka kusikia Kiswahili, akaniinamia kidogo kutoka kwenye mkeka akaniambia kwa Kiswahili, polepole, "Mwanangu, umefanya kazi." Nikashikwa na machozi, nawaambia kweli. Nikajua nimemaliza, nimeoa.

Ndipo akapita Mama Athieno. Huyu ni mke wa mdogo wake Mzee, Mjapadhola wa Tororo, ameolewa pale lakini hakuzaliwa ukoo ule, na alikuwa anapita mbele ya wazee na birika la chai. Akasimama. Akanusa kulia, akanusa kushoto. Akaweka birika chini taratibu.

"Wazee," akasema, "mimi kwetu nilikula hii mpaka siku niliolewa hapa. Hii harufu ni ya kamongo."

Barasa, Mungu amweke, akaruka kama kipa: "Hapana, Mama! Huo ni mkahawa wa mlimani, mizizi yake ndivyo inavyonukia." Na ilikuwa inaelekea kupita! Wazee wakatazamana, mmoja akatikisa kichwa kwamba pengine, Mzee Tenywa bado ana kiko mkononi, hajakiweka chini. Ningekaa kimya dakika moja tu, dakika moja, Mama Athieno angeonekana amekosea.

Lakini mimi nikaona wameanza kuutilia shaka mti wangu. Nikasimama. Barasa akanivuta kanzu, nikamtoa mkono.

"Wazee wangu, naomba niwatoe wasiwasi," nikasema. "Mti ni safi kabisa. Niliukausha tu Masese kwenye tanuri, na kamongo walikuwa waya ya juu. Hawakuugusa!"

Nilisikia kuku akitembea nyuma ya jiko.

Halafu yakaanza. Wazee wakatema, wakaita maji, wakaita chumvi, mmoja akawa anausugua ulimi kwa ncha ya kanzu, mwingine amesimama anakitazama kiko chini kama nyoka, wanawake wanapiga mayowe kwa Lusoga, na yule mzee wa saba, asiyesikia vizuri, akaendelea kuvuta kwa utulivu na miguu amenyoosha mpaka aliponyang'anywa, na alikasirika kwa kunyang'anywa. Mama mkwe mgongo ukarudi wima. Barasa akanishika mkono akasema, "Twende, twende, usiseme tena, hata kwaheri usiseme." Na hapo ndipo nilipopandisha kanzu magotini. Nilipofika kwenye mlango wa ua nikageuka kumtafuta Kagoya, nikamwona amejifunika uso wote kwa kitenge, mabega yanatetemeka, na hakuniangalia. Ya wazee yalikuwa aibu. Hili liliniuma.

Tulikaa barabarani nyuma ya pikapu tuliyokodi, watu wangu wote na kanzu zao, tumeinamisha vichwa, wapita njia wanadhani ni msiba. Nikawaza Kagoya ataolewa na mwalimu fulani wa Tororo. Baada ya kama saa nzima akatoka Mzee Tenywa mwenyewe, peke yake, midomo myeupe kwa chumvi. Nikapiga magoti kwenye vumbi.

"Mukono yako iko muzuri," akasema. "Kichwa iko dereva."

"Nisamehe, Mzee."

"Zile tumechoma. Sasa sikiliza. Leta miti mupya hapa. Nakauka na jua, kwa uwanja yangu, mimi naona na macho. Kila Jumamosi wewe nakuja kugeuza. Ikikauka, tunaongea."

"Itachukua muda gani, Mzee?"

"Hiyo uliza miti."

Nikauliza pia, kwa woga, kama Kagoya analia. Mzee akatazama pembeni, na naapa midomo yake ile ya chumvi ilicheza. "Nalia?" akasema. "Nacheka tangu wewe natoka. Mama yake nataka kumupiga."

Basi huu ni mwezi wa tisa sasa tangu siku ile. Kila Jumamosi niko Busiu. Nimerudi mlimani nikaleta visiki vingine, nikavipanga kwenye uwanja wa Mzee juu ya mabati, mvua ikija nafunika, jua likitoka nafunua, nageuza kimoja kimoja kama mtu anayechoma mahindi. Majirani wamenizoea, wengine wananiita Bwana Kamongo, na wakwe zangu wanajifanya hawasikii. (Na msiniambie haraka haraka haina baraka, nimeambiwa na kila mtu, hata padri, hata Hajati ambaye sasa anasema pua yake haijawahi kumdanganya.) Mwanzoni mama mkwe alikuwa ananiwekea chai mbali, karibu na banda la kuku, naifuata. Sasa ananiwekea mkekani, na ananifundisha Lusoga kwa ukali, nikikosea anapiga kofi mkeka. Mzee anagonganisha vipande viwili sikioni, anasikiliza, anasema, "Bado," tunakaa, ananieleza habari za kambini alivyopikia watu mia nne kwa sufuria moja, na mimi namweleza za Kigali.

Jumamosi iliyopita akagonganisha, ikalia sauti kavu, nyembamba, ya kupendeza. Hakusema bado. Akaniita nisikilize mwenyewe, kisha akamwita mkewe asikilize, kisha Kagoya, tukasikiliza wote wanne kama wajinga.

"Peleka Bugembe," akasema Mzee. "Chonga saba. Shangazi natafuta siku."

Kwa hiyo mwezi ujao, Mungu akipenda, ile hema itafungwa tena, na Barasa atasimama na sinia. Nimeapa mbele ya Hajati, na mbele yenu, kwamba kitu chochote nitakachotengeneza kiende mdomoni mwa mtu, nitajua kilikolala kila usiku. Na nimeapa kwa Kagoya, aliyenishika masikio yote mawili nilipokuwa naapa, kwamba siku hiyo nitakaa na kunyamaza. Hata hema ikishika moto, mimi nitakaa nimenyamaza mpaka Barasa aione.